Kupiga Hesabu Ndani ya Daftari la Simu: Hukumu Yake na Namna ya Kuandika

SWALI

Mimi niko Unguja na mdogo wangu yuko Karatu. Fedha ni zangu. Yeye ananunua vitunguu Mang'ola, anavisafirisha, na dalali wetu anaviuza soko la Mwanakwerekwe. Faida tunagawana nusu kwa nusu. Hesabu zote tunaziandika kwenye daftari moja la simu tunalolifungua wote wawili, na simu yenyewe ndiyo inayojumlisha. Mwezi uliopita nilifungua nikakuta fungu langu limepungua kwa shilingi 150,000, na sikuona kilichobadilika. Nikamuuliza, akakasirika, na sasa hatusemezani. Je, maandishi ya namna hii yanafaa katika sheria? Na zaka yetu tuihesabu vipi kwa simu hiyo hiyo?

JIBU

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kupiga hesabu kwa simu kunajuzu bila ya shaka, na kuweka kumbukumbu za biashara ni jambo lililohimizwa. Lakini hesabu inayojibadilisha yenyewe kila unapogusa tarakimu moja si maandishi ya makubaliano. Hiyo ni karatasi ya kufanyia kazi. Makubaliano yaandikwe pembeni kwa tarakimu isiyobadilika, na wote wawili muwe nayo. Ugomvi wenu umetokana na kuchanganya vitu hivi viwili. Sasa tufafanue.

1. Asili ya jambo katika Qur-ani

Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na mada yake ni kuandika madeni. Inatuamrisha kuandika deni lenye muda, mwandishi awe mwadilifu, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Inataka pia mashahidi. Na biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono, imepewa ruhusa ya kutoandikwa. Wanavyuoni wengi wamesema amri hii ya kuandika ni ya kupendekezwa, si ya wajibu, lakini anayeiacha asishangae ikimpata hasara.

Lipo jambo katika aya hii ambalo wengi hulipita. Anayetakiwa kusoma maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, si mdai. Hekima yake ni kuwa anayebeba deni akilitamka mwenyewe, huko ndiko kukiri kwake. Kwa hivyo mwandiko haukuwa kazi ya mtu mmoja peke yake chumbani. Anakuwepo anayesema, anayeandika na anayeshuhudia. Daftari la simu linalobadilishwa na mmoja wakati mwenzake amelala halina sifa hiyo.

Aya ya 283 inayofuata inazungumzia wasafiri wasiopata mwandishi, na imeruhusu rehani inayokabidhiwa. Anayenunua mzigo Mang'ola wakati mwenye fedha yuko ng'ambo ya bahari anaihitaji sana hekima ya aya hizi mbili.

Na hisabu si ngeni kwetu Waislamu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mas-ala ya wasia na mirathi. Mwanachuoni akihitaji kugawa haki za watu huhitaji hesabu, na chombo cha hesabu hubadilika kwa zama.

2. Daftari la simu linavyopiga hesabu

Kwa asiyelijua: zamani ukiandika kwenye daftari la simu ulilazimika kutoka, ukafungua kikokotoo, ukarudi kuandika jibu. Sasa zipo programu za daftari ambazo ukiandika hesabu katikati ya maneno yako, kisha ukaweka alama ya sawasawa mwishoni, jibu linatokea hapo hapo. Programu ya Notes ya iPhone imepata uwezo huo kuanzia iOS 18, iliyotoka Septemba 2024. Kwenye simu za Android nako zipo programu za daftari zenye kikokotoo ndani yake.

Uzuri zaidi ni kuwa unaweza kuipa tarakimu jina. Ukiandika bei = 85000, kila utakapoandika neno bei katika hesabu za chini, simu inaelewa ni 85,000. Ukibadilisha bei ile ya juu, majibu yote ya chini hubadilika mara moja. Faida na hatari vyote viwili vimo katika jambo hilo moja.

3. Mfano wa mzigo mmoja

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Mdogo wako anaandika:

gunia = 60
bei = 85000
nauli = 12000
mengineyo = 180000

"Mengineyo" ni ushuru, vibarua na dalali. Kisha anaandika gunia*bei + gunia*nauli + mengineyo na kuweka sawasawa. Jibu ni 6,000,000. Huo ndio mtaji uliotumika.

Njiani gunia nne zimeoza, zimeuzwa 56 kwa shilingi 120,000 kila moja. 56*120000 ni 6,720,000. Ukitoa mtaji inabaki faida ya 720,000, na kila mmoja ana 360,000.

Hii kwa lugha ya fiqhi ni mudharaba: mmoja ana mali, mwengine ana kazi. Kumbukeni sharti zake. Faida huwa kwa fungu, kama nusu au thuluthi, wala mmoja hawekewi kiasi maalumu. Haigawanywi mpaka mtaji umerudi. Na ikipatikana hasara, fedha hupotea kwa mwenye fedha na jasho hupotea kwa mwenye kazi, ila mfanyakazi akifanya uzembe au akivuka mipaka mliyokubaliana. Zile gunia nne zilizooza bila ya uzembe huondolewa katika faida kwanza, kama ilivyofanyika hapo juu.

Tahadharini na mabano. Mtu akiandika 60*85000+12000 simu itampa 5,112,000, kwa sababu huzidisha kwanza ndipo ikajumlisha. Alichokusudia ni 60*(85000+12000), yaani 5,820,000. Tofauti ni shilingi 708,000, na simu haikukosea, imejibu ilichoulizwa. Andikeni pia tarakimu bila koma ndani ya hesabu, na koma ziwekwe katika mstari wa mwisho unaosomwa na watu.

4. Shilingi 150,000 zilikwenda wapi?

Sikuona daftari lenu, kwa hivyo simhukumu mtu. Lakini angalia jambo hili. Katika mfano wetu, mdogo wako akienda tena Mang'ola akakuta gunia ni 90,000, na badala ya kuandika mstari mpya akaufuta 85000 akaweka 90000, basi mtaji wa mzigo wa mwanzo unasomeka 6,300,000. Faida inakuwa 420,000, na fungu lako 210,000 badala ya 360,000. Zimepungua 150,000 kamili, na hakuna aliyeiba hata senti. Ametaka kuandika bei ya leo, akaifuta bei ya jana.

Inawezekana pia kuwa mstari umebadilishwa kwa kukosea kidole, au amehariri akiwa sehemu ambayo mtandao hukatika, kama inavyotokea ukipanda kuelekea Ngorongoro, na mabadiliko yakafika kwako baadaye yakiwa yamechanganyika na yako.

Na hukumu ya fiqhi ni kuwa mfanyakazi wa mudharaba ni mtu aliyeaminiwa. Neno lake kuhusu faida na hasara hukubaliwa kwa kiapo maadamu hakuna ushahidi unaompinga. Wewe ndiye uliyemchagua na kumuamini. Suratul Hujurat imetukataza kukimbilia dhana mbaya na imetutaka tuhakikishe habari kabla ya kumuumiza mtu. Tafuteni risiti, ujumbe wa miamala ya simu na maneno ya dereva, mkae mpige hesabu upya. Kukata udugu kwa mstari mmoja uliofutwa ni hasara kubwa kuliko hizo 150,000.

5. Namna sahihi ya kuandika

Kwanza, kila mzigo uwe na ukurasa wake wenye tarehe, ya Hijria na ya kawaida. Bei mpya ni mstari mpya. Usifute bei ya zamani.

Pili, mkishakubaliana, hesabu ifungwe. Andika chini yake tarakimu tupu bila alama ya sawasawa na bila ya majina ya bei, kisha uiandike kwa maneno: "Mtaji shilingi 6,000,000, milioni sita, faida 720,000, laki saba na ishirini elfu, kila mmoja 360,000, laki tatu na sitini elfu." Tarakimu iliyoandikwa kwa maneno haibadiliki kwa kuguswa mstari wa juu.

Tatu, anayedaiwa ndiye aisome. Kama mdogo wako anakudai fungu lake, wewe tamka. Ujumbe wa sauti unatosha kuwa ukumbusho mzuri.

Nne, kila mmoja abaki na nakala yake. Piga picha ya skrini umtumie mwenzako, naye ajibu kuwa amekubali. Ujumbe wa WhatsApp wenyewe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 baada ya kutumwa, kwa hivyo picha ni bora kuliko maneno matupu. Baadhi ya programu huonesha nani amehariri na lini. Hilo linasaidia, lakini halichukui nafasi ya makubaliano.

Tano, deni kubwa au la muda mrefu liandikwe pia katika karatasi na liwekewe mashahidi wawili. Tanzania imekuwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015, inayotambua kumbukumbu za kielektroniki. Lakini simu huanguka baharini, huibiwa na hufungwa kwa namba ya siri ambayo warithi hawaijui. Mwenye deni shingoni mwake ahakikishe ahli zake wanajua limeandikwa wapi.

6. Gunia si kipimo

Kabla simu haijazidisha, jiulizeni inazidisha nini. Vitunguu vya Mang'ola mara nyingi hufungwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kilemba. Sheria ya Vipimo inakataza ufungaji huo, na mazao hayatakiwi kufungashwa zaidi ya kilo 100. Mkulima anauza gunia moja na anatoa zaidi ya gunia moja. Na wewe uliyeko Unguja hujaona kitu. Umesoma "60" tu.

Kuuza chungu kinachoonekana na pande zote mbili kunajuzu. Lakini kuandika idadi ya magunia yasiyojulikana uzito wake kwa mtu asiyeyaona ni kuingiza gharari, yaani utata, katika muamala. Na Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Andikeni kilo. Badala ya gunia = 60, iwe kilo = 6000 kama kweli zimepimwa kilo mia kila moja. Daftari likiwa sahihi na mzani ukawa wa dhulma, hesabu yote imejengwa juu ya dhulma.

7. Zaka kwa daftari hilo hilo

Zaka ya biashara. Mwaka wa Hijria ukitimia, hesabuni taslimu, mzigo uliopo kwa bei ya soko ya siku hiyo na si bei mliyonunulia, na madeni mnayotarajia kulipwa. Mfano:

taslimu = 3400000
mzigo = 40*115000
wadaiwa = 2000000

Jumla ni 10,000,000. Ikiwa imefikia nisabu, igaweni kwa 40. Zaka ni 250,000. Kugawa kwa 40 ni rahisi na salama kuliko kuandika asilimia, maana ndiyo robo ya fungu la kumi. Anayefunga hesabu kwa mwaka wa kalenda ya kawaida, ambao ni mrefu kwa siku kama 11, azidishe kwa 0.02577.

Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Andikeni zote mbili kwa bei ya sonara ya siku hiyo. Siku hizi kiwango cha fedha kiko chini sana kuliko cha dhahabu, na kukifuata ni salama zaidi kwa dini yako na ni manufaa zaidi kwa masikini. Katika mudharaba, mwenye mali hutoa zaka ya mtaji na fungu lake la faida. Mfanyakazi hutoa ya fungu lake linapomfikia na kutimiza masharti. Kuhusu kutoa madeni unayodaiwa kabla ya kuhesabu, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kuwa hayazuii zaka, na wapo wanavyuoni wengine wanaoruhusu yale yaliyofika muda wake.

Zaka ya mazao. Walio na mashamba Karatu waelewe tofauti. Kwetu Shafi, zaka ya mazao ni katika chakula kikuu kinachowekwa akiba: mahindi, ngano, mtama, maharage na mfano wake. Nisabu ni wasaq tano, sawa na pishi 300 za Mtume (s.a.w.), takriban kilo 650. Mahindi hayajumlishwi na ngano ili kutimiza nisabu. Vijiji vya juu vinavyolima kwa mvua hutoa fungu la kumi: mwenye kilo 1,800 za mahindi atatoa kilo 180. Anayemwagilia kwa mashine na gharama hutoa nusu ya fungu la kumi, kilo 90. Maji ya chemchemi yanayotiririka yenyewe kwenye mfereji yana hukumu ya mvua. Na zaka hii hutolewa wakati wa mavuno, haisubiri mwaka.

Vitunguu na kahawa havina zaka ya mazao kwetu. Fedha zake zikikaa mwaka zikiwa na nisabu ndipo zina zaka. Mahanafi wanaona kila kinachooteshwa kina zaka. Mkulima akipenda kutoa kwa kauli hiyo amefanya kheri.

Zaka ya mifugo. Hapa ndipo simu inapowapoteza watu, na Ngorongoro, eneo lililotengwa mwaka 1959 watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, ni nchi ya mifugo. Mbuzi na kondoo nisabu yake ni 40, na zaka yake ni mmoja. Basi mtu mwenye mbuzi 120 anaandika 120/40 na simu inamwambia watatu. Si kweli. Kuanzia 40 mpaka 120 ni mmoja tu. Kuanzia 121 mpaka 200 ni wawili. Kuanzia 201 mpaka 399 ni watatu. Wakifika 400 ni wanne, kisha kila mia huongezeka mmoja. Ng'ombe 30 zaka yake ni ndama wa mwaka mmoja; 40 ni wa miaka miwili; 60 ni ndama wawili wa mwaka mmoja. Walio baina ya viwango hawana kitu juu yao.

Ndugu watatu waliochanganya mbuzi wao 40 kila mmoja katika zizi moja na malisho mamoja, wote huhesabiwa 120 na hutoa mmoja. Lakini hairuhusiwi kuchanganya au kutenganisha kwa ajili ya kuikimbia zaka, Mtume (s.a.w.) amekataza hilo. Na masharti haya ni kwa mifugo inayochunga yenyewe malishoni na kukaa mwaka kwa mwenyewe. Anayenunua mnadani ili auze, huyo ni mfanyabiashara: atathamini mifugo yake na kugawa kwa 40.

8. Hitimisho

Ndugu muulizaji, simu ni karani mwepesi, lakini haijui nini kilikubaliwa baina yako na mdogo wako, wala haijui kuwa mbuzi hawagawanywi kama shilingi. Haya mawili ni juu yenu kuyajua. Tumieni daftari kufikiria, kisha mfunge hesabu kwa maneno, tarehe na ushahidi.

Na kabla ya kufungua ukurasa mpya, mpigie mdogo wako. Mwanzie kwa salamu, si kwa hesabu. Mwambie afungue risiti zake za safari mbili, nawe ufungue picha zako, mpitie mstari mmoja mmoja pamoja. Ikiwa ni bei ya safari ya pili iliyoandikwa juu ya ya kwanza, mwombe msamaha kwa dhana yako, naye akuombe msamaha kwa kufuta. Ikiwa kuna fedha iliyokosekana kweli, itadaiwa kwa haki na kwa maandishi, na udugu ubaki.

Wallahu a'lam.